Siku Tisa za Mama Simu

Nitaanza na hasira, maana nikianza na upole nitakuwa nimeanza na uongo. Nina hasira na mkuu wetu wa ofisi. Nina hasira na ile ramani yake ya rangi. Na kuna wa tatu ambaye nina hasira naye kuliko hao wote, ila huyo nitamfikia. Kwanza mjue Mama Simu ni nani, kwa sababu amesemwa sana na watu ambao hawajawahi kukaa karibu naye hata dakika tano.

Mimi nilikaa karibu naye miaka sita. Ofisi yetu inatoa vyeti vya kuzaliwa kwa watu waliochelewa kuvipata: watoto wanaotakiwa kusajiliwa mtihani, vijana wanaotafuta kazi, wazee ambao maisha yao yote hawakuwahi kuulizwa walizaliwa lini. Chumba ni kirefu, kina madirisha matatu ya kuhudumia watu, feni moja inayozunguka ikijisikia, na ukuta uliochafuka kwa mabega ya wanaosimama foleni. Nyuma ya madirisha kulikuwa na meza mbili za uhakiki, yake na yangu. Uhakiki ni kuangalia kama faili limekamilika: kadi ya kliniki, barua ya shule, sahihi za mashahidi wawili, mihuri mahali pake. Likikamilika unabonyeza "Idhinisha" kwenye kompyuta, na cheti kinachapwa kesho yake. Likiwa na kasoro unabonyeza "Rudisha", na mwenye faili anaambiwa dirishani aende akarekebishe, kisha aanze upya.

Katika miaka hiyo sita sikumwona Mama Simu akibonyeza Rudisha zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili watu wenyewe walikuwa matapeli. Alikuwa akifika asubuhi, anavua viatu, anavaa kandambili alizozificha chini ya meza, halafu anabonyeza "Pokea" kwa mafaili yake yote ya siku, moja baada ya jingine, ili yaandikwe kwa jina lake na lisije likapotea hata moja. Akishamaliza anayapanga kwenye boksi na kushika simu. Simu yake mwenyewe, kwa vocha ya mfuko wake mwenyewe.

"Mwalimu mkuu? Shikamoo mwalimu. Hii barua ya yule binti mmesahau kuiweka tarehe. Sasa mimi nifanyeje, niiote?"

"Nesi, mdogo wangu, hujambo? Kadi yenu imeloa maji, namba haisomeki. Hebu nifungulie daftari lenu la mwaka ule. Nasubiri. Nimekwambia nasubiri, usinikatie."

Alibembeleza, alifoka, alichekesha. Shahidi akikosa kutia sahihi, alimtafuta huyo shahidi hata akiwa msibani. Shule ikiwa njiani kwake, aliipitia jioni na kurudi kesho na muhuri. Mwenye faili hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alikuja mara mbili tu: siku ya kuleta maombi na siku ya kuchukua cheti. Jina la Mama Simu tulimpa sisi, akacheka na kulikubali.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, kwa nini usiwarudishie tu? Kasoro ni zao."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, faili halina miguu. Ukibonyeza hapo, anayerudi nyumbani ni mtu."

Niliona ni maneno ya watu wazima. Sikujua bado habari za mdogo wake wa kiume, aliyekuwa wa kwanza darasani miaka yote, mpaka fomu yake ya cheti iliporudishwa mara tatu kwa ajili ya muhuri mmoja na usajili wa mtihani ukafungwa. Leo ana miaka hamsini, anabeba mizigo sokoni na analala chumba cha uani nyumbani kwa dada yake. Yeye hukisimulia kisa hicho kwa mzaha. Dada mtu hawezi kukisikiliza, hunyanyuka na kutoka nje.

Na lazima mjue habari za mumewe, kwa sababu ndizo zilizofanya jambo hili liwe kubwa. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa miraba minne, akapigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wa kulia ukafa. Maneno yamebaki machache, na chakula hali kwa mkono wa mtu mwingine isipokuwa mkewe. Shemeji yake, yule mbeba mizigo, amejaribu, mgonjwa anafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Kwa hiyo kila siku saa saba kamili Mama Simu alitoka ofisini, akatembea dakika kumi mpaka nyumbani, akamlisha, akamgeuza ubavu, akarudi saa nane kasoro tano akihema. Hakuwahi kuchelewa. Nyumba ile ingekuwa mbali zaidi, mgonjwa yule angeshinda na njaa.

Mimi waliniita Chapuchapu, na nilipenda. Kufika mchana meza yangu ilikuwa nyeupe. Kasoro moja, Rudisha. Kasoro nusu, Rudisha. Nilikuwa na vijisentensi vyangu tayari, "Ambatisha barua halisi", "Sahihi haionekani vizuri", navibandika bila hata kufikiri. Saa tisa nilikuwa nimeegemea kiti nanywa chai, nikimsikiliza mwenzangu akibishana na nesi kwenye simu, na moyoni nikijiona mjanja.

Basi mkuu akaleta mtaalamu. Alituambia kwamba makao makuu wanalalamika vyeti vinachelewa, na sasa utafanyika uchimbaji wa michakato. Mlinzi akauliza watachimba upande gani, maana bomba la maji linapita pale getini. Tulicheka. Mtaalamu mwenyewe alikuwa msichana mpole mwenye kompyuta ya mapajani, tukamwita Binti Ramani. Alikaa pembeni wiki nzima, na mimi kwa kiherehere changu nikamwendea.

"Kwani unachimba nini hasa?"

"Nyayo," akasema. "Kila mkibonyeza kitufe, kompyuta inaandika faili namba gani, kimefanyika nini, nani kafanya, saa ngapi. Nakusanya hizo alama zote, programu inanichorea njia ambayo kila faili limepita na mahali lilipokaa sana. Huulizi mtu, unaona kilichotokea."

Akanionyesha. Viduara na mishale, kama ramani ya barabara za mji. Mahali faili linapopita haraka mshale ni wa kijani, mahali linapolala duara linavimba na kuwa jekundu. Meza yangu ilikuwa kijiduara cha kijani, wastani dakika thelathini na nane. Meza ya Mama Simu ilikuwa jipu. Siku tisa. Faili likiingia kwake lililala siku tisa.

Sikatai, nilifurahi. Nilirudi kwenye kiti changu kifua mbele.

Mkuu alipoiona ramani ile alisugua viganja kama mtu aliyeletewa pilau. Alikuwa ametafuta miaka miwili sababu ya vyeti kuchelewa, sasa sababu ina jina, ina kandambili na inavaa miwani. Habari zikaenea kabla ya chai ya saa nne. Mtu akambandikia Mama Simu mezani picha ya kobe. Aliibandua, akaipasua vipande vinne, akasema kwa sauti ya chumba kizima, "Aliyechora hii, mtoto wake akija hapa na barua isiyo na tarehe, ajue nitampigia mwalimu simu. Kobe nitabaki kobe." Akaketi, akapiga namba.

Ilijulikana kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao na kwamba mkuu anataka kumhamishia tawi la mbali, kwenye stoo ya mafaili ya zamani. Kwenda mwendo wa saa mbili, kurudi mwendo wa saa mbili. Kila mtu pale alijua saa saba mchana kuna nani kitandani anayesubiri kijiko. Tulijua, tukajitia hamnazo.

Sasa nakuja kwenye Jumatano ya wiki hiyo.

Jumatano asubuhi mama mmoja alisimama dirishani na kupiga ngumi kaunta. "Hii ni mara ya nne! Ya nne! Mara sahihi, mara muhuri, mara barua. Kwa nini msiseme yote siku moja? Kazi yenu kututembeza?" Nilinyanyuka nimtulize, nikatafuta jina la mwanawe kwenye kompyuta. Yakatoka mafaili manne yenye namba nne. Yote manne yalikuwa yangu. Matatu nimeyarudisha: dakika ishirini, dakika arobaini na moja, dakika kumi na tano. Kila nilipobonyeza Rudisha, faili lilifungwa. Mama yule aliporudi, dirishani walimfungulia jingine, namba mpya. Kwenye ramani ya Binti Ramani yule hakuwa mwanamke mmoja aliyetembezwa mwezi na nusu. Alikuwa mafaili matatu yaliyopita kwangu kama umeme, na la nne linakuja.

Saa saba, Mama Simu alipokwenda kwa mumewe, nilichukua daftari la mapokezi, lile la mkono ambalo watu huandikwa kwa majina yao, nikakaa nalo mpaka saa kumi na moja. Nilihesabu miezi mitatu. Mafaili yangu yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Watu walikuwa themanini na watatu. Waliopata vyeti ni hamsini na wawili, na tangu siku ya kwanza kufika mpaka siku ya kupata walitumia wastani wa siku arobaini na saba. Thelathini na mmoja waliobaki, wengine bado wanazunguka, wengine hawakurudi tena.

Mafaili ya Mama Simu yalikuwa sitini na manne. Watu sitini na wanne. Wote walipata. Siku tisa.

Lile jipu jekundu lilikuwa safari nzima ya mtu, kuanzia anaingia mlangoni mpaka anatoka na cheti mkononi. Kile kijiduara changu cha kijani kilikuwa vipande. Nilikuwa nawakata watu vipandevipande, kila kipande nakihesabia ushindi, na kompyuta ilikuwa inanipigia makofi.

Niliandika hesabu zote kwenye karatasi moja, safi, inayosomeka hata na mtoto. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Hapo ndipo ulipo uovu wangu, na sitaupaka rangi. Sikumwonyesha mkuu. Sikumwonyesha Binti Ramani aliyekaa hatua nane kutoka kwangu. Nilijiambia nitahakikisha tena. Nilijiambia labda mkuu ataghairi. Ukweli ni kwamba niliona jina langu litakavyovimba na kuwa jekundu, nikaogopa. Alhamisi nilikuja na karatasi mfukoni na kuondoka nayo.

Ijumaa kikao kikafunguliwa. Ramani ikatandazwa ukutani kubwa kama shuka, na lile duara jekundu likatukodolea macho. Mkuu alianza na mimi. "Tazameni mwenzenu! Dakika thelathini na nane! Mpigieni makofi." Wakapiga. Nikavikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, mwizi mimi.

Binti Ramani aliinua mkono. "Mkuu, niseme kidogo. Ramani inaonyesha mahali kazi inapokaa. Haisemi kwa nini inakaa. Kwa kawaida tunawauliza wanaoifanya kabla ya kuamua chochote."

"Takwimu hazidanganyi, binti yangu," mkuu akasema. "Wewe mwenyewe ulituambia huulizi mtu."

Msichana akainamia kompyuta yake, masikio yamemwiva.

Mama Simu akasimama. Alikuwa amevaa viatu vya barabarani siku hiyo, ndio maana alionekana mrefu. "Mnapima faili," alisema, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira, si kwa woga. "Hampimi mtu. Faili likikaa kwangu siku tisa, siku ya kumi mtu ana cheti. Muulizeni aliyerudishwa kapata lini! Mnajua wangapi wanarudishwa hapa? Mnajua wangapi hawarudi?"

"Wewe unajua?" mkuu akamwuliza. "Una ushahidi? Leta. Leta karatasi, leta takwimu, tuzione hapa."

Alikuwa na daftari lake la namba za simu tu. Alilishika kifuani, akageuka kutuangalia. Macho yake yakapita kwa kila mtu, yakafika kwangu, yakasimama.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Niliisikia ikinichoma ngozi. Mkuu akauliza, "Kuna mwingine mwenye la kusema?" Nikaangalia feni.

Saa kumi jioni alipewa barua ya uhamisho. Kuripoti Jumatano inayofuata. Aliikunja bila kuisoma mpaka mwisho, akafungasha kandambili zake kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka. Hakuniaga.

Jumamosi na Jumapili sikula kitu kikakaa. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamfokea, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamweleza yote. Hakunituliza. Alisema, "Basi Jumatatu usirudi hapa bila kusema." Nashukuru alisema hivyo.

Jumatatu asubuhi niliiweka karatasi mezani kwa mkuu. Aliisoma mara mbili. Nilimwona akielewa, uso ukimbadilika. Alimwita Binti Ramani, akamwuliza kama inawezekana kuchora upya kwa kufuata jina la mtu badala ya namba ya faili. Binti hakuchukua hata nusu saa. Ramani ikatoka, na jipu likahamia kwangu, jekundu, kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa Mama Simu kukawa na mshale mmoja wa kijani uliokwenda moja kwa moja mpaka mwisho.

"Nilisema tuwaulize," Binti Ramani akanong'ona, akalia palepale, machozi ya hasira.

Mkuu alifunga mlango. "Ripoti ilikwenda makao makuu Ijumaa jioni ikiwa na sahihi yangu. Uhamisho wameshaubariki. Unataka niwaandikie leo niwaambie nini? Kwamba sijui kusoma?"

"Waambie ukweli, mkuu."

"Nilikuuliza Ijumaa!" akapiga meza. "Niliuliza kuna mwenye la kusema. Ulikuwa wapi wewe? Ungesema pale, barua isingetoka. Sasa hivi toka ofisini kwangu."

Nilitamani kumkaba. Nilitamani kumwambia yeye ni mwoga, anamwacha mgonjwa ashinde na njaa ili sahihi yake isiaibike. Lakini neno mwoga lilinikwama kooni, kwa sababu lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Saa saba nilikwenda nyumbani kwake. Mdogo wake alinifungulia, akanielekeza chumbani. Mama Simu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji mapajani, mumewe ameegemezwa mito miwili. Nilisimama mlangoni nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka.

Nilimwambia kila kitu. Namba za mafaili, daftari la mapokezi, watu themanini na watatu, ramani mpya. Nilimwambia alikuwa sahihi, na kwamba sasa mkuu anajua, na Binti Ramani anajua. Niliongea haraka, kama kawaida yangu. Nilimwambia nitaandika barua makao makuu mimi mwenyewe, kwa jina langu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamfuta mumewe kidevu kwa kitambaa. "Andika," alisema. "Watu wa dirishani watakushukuru. Mimi nimeshaandika yangu. Nimeacha kazi."

"Mama, subiri kwanza, labda watageuza—"

"Jumatano natakiwa niwe stoo. Nani atamlisha huyu wakati makao makuu wanasoma barua yako?"

Mzee alikuwa ananiangalia kwa jicho lake moja lililo hai.

"Hiyo hesabu," Mama Simu akasema, "uliimaliza lini?"

Ningeweza kusema Jumapili. Ningeweza kusema leo asubuhi. "Jumatano," nikasema.

Aliacha kijiko ndani ya bakuli. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa, ulikuwa umekaa pale na mimi nakuangalia. Jumamosi. Jumapili." Vidole vikaisha. Akaviangalia. "Siku tano faili langu limelala kwako. Na mimi ndiye ninayechelewesha watu."

Kisha akachukua kijiko, akageukia mumewe, naye mzee akafungua mdomo.